Kamera za Wilaya Zilipogeuka Ulimbo

Kitu kikianza kunata, wanangu, msikipake unga. Nawaambia nyinyi mliofungua vibanda vya kutengeneza simu pale Mikumi, njia panda ya kwenda Ifakara. Juzi nilipita nikamwona mmoja wenu ameshika darubini ya mtalii, mpira wake umelainika kama tope, naye anaipaka poda ya mtoto. Nilitaka kumwambia kitu, nikajizuia, maana mwanamke mzee akisimama mbele ya kibanda cha simu hudhaniwa amepoteza laini. Nikarudi nyumbani nikaona bora niandike.

Poda inadanganya. Leo kitu kinakauka, mkononi kinateleza vizuri, mteja anashukuru. Kesho mpira unaimeza poda yote na kunata upya, na sasa una uji badala ya gundi. Mpira ukishaoza hautibiki. Unaondolewa. Hilo ndilo la kwanza, na wengi wenu mngeishia hapo mkaenda kula. Lakini mimi nilijifunza kazi hii mahali ambapo kusema "mpira umeoza" kulikuwa jambo la siasa, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Naitwa Eunike, mzaliwa wa Vidunda, kule mlimani. Nilisoma shule ya misheni, nikajua kuandika mwandiko ulionyooka, na Uhuru ulipokwisha kutulia nikapata kazi Kilosa katika Kitengo cha Picha cha wilaya. Waliniajiri niandike maelezo nyuma ya picha. Baada ya muda mfupi wakagundua kwamba picha zenyewe ni chache, wakanipa kazi ya kufuta kamera vumbi, kwa sababu, alivyosema bosi, wanawake wana mikono laini. Mikono yangu ilikuwa imelima miteremko ya Vidunda tangu utoto. Sikubishana naye.

Aliyenifundisha ni Mzee Kingo. Yeye alikuwa mtu wa pale pale bondeni, Msagara, mwenye kanzu safi na masharubu aliyoyatunza kama bustani. Zamani alikuwa na studio yake karibu na stesheni ya Kilosa, chumba chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na makarani wa mashamba ya mkonge walikuja kupiga picha za kuwapelekea wachumba. Nchi ilipoamua kujitegemea, studio ikafungwa na yeye akaajiriwa kitengoni pamoja na pazia lake. Pazia likatumika kufunikia taipureta.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kamera kuukuu ya sanduku, ngozi yake imebanduka na gundi ya chini imekuwa kama asali. Nikachukua petroli kwa dereva, nikaisugua kwa moyo wote. Gundi ikatoka. Rangi ikatoka. Namba zikatoka. Kidirisha cha kutazamia kikawa cheupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Mzee Kingo akaigeuza-geuza.

"Umesafisha vizuri sana, mwanangu," akasema. "Sasa itafute kamera ilikokwenda."

Kisha akakaa akanionyesha. Spiriti iende kwenye kitambaa, kamwe isimwagwe kwenye kamera. Kitambaa kiwe kibichi tu, kisidondoshe. Kamera itazame chini, ili kama kuna tone, lidondoke nje lisiingie kwenye lenzi. Anza karibu na lenzi, nenda nje, usirudi na uchafu ulikotoka. Acha spiriti ikae kidogo, halafu sukuma kwa kidole gumba, na mpira mbovu utajiviringa na kutoka kama nongo. Kwenye kona tumia kipande cha mwanzi kilichochongwa, si kisu. Penye namba pita kama unapangusa uso wa mtoto aliyelala. Hayo yote mnaweza kuyafanya leo kwenye simu, kwenye redio, kwenye darubini ya yule mtalii maskini.

Sasa niwaambie habari za kamera za urafiki.

Bosi wetu aliitwa Ndugu Lukwele. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hotuba tumboni na ilibidi itoke. Hakuwahi kusema "nimekosea". Alisema "kumejitokeza upungufu." Siku moja akatuita uani, akapanda juu ya kreti na kutangaza kwamba nchi rafiki, ambayo nayo inajenga usawa, imetuletea kamera mpya za kupiga picha za vijiji vya ujamaa.

"Kamera," akasema, "ni jembe la macho!"

Tukapiga makofi. Kreti zikafunguliwa. Kamera zilikuwa nzito, zimevikwa mpira mweusi kutoka juu hadi chini, mpira unaong'aa kama kiatu cha askari. Mzee Kingo akashika moja, akainusa, akairudisha.

"Vipi mzee?" nikamnong'oneza.

"Inanukia kama mtu aliyeoga harakaharaka," akasema.

Ndugu Lukwele alichagua moja akaifungia kwenye kabati lake la chuma, ibaki mpya kwa ajili ya siku kubwa. Ufunguo akauvaa shingoni. Zilizobaki zikaingia stoo, na stoo yetu ilikuwa ya bati juu na bati ubavuni. Nyinyi mnaijua Kilosa kabla ya mvua za masika, jua likishaamua. Mle ndani hata mishumaa ilikuwa imepiga magoti.

Tulianza kuona mambo tulipokwenda kijiji cha Masanze. Kiongozi wetu wa wilaya alikuwa anakuja kulima na wananchi, yaani alikuwa anakuja kupigwa picha akiwa ameinua jembe. Wananchi walikuwa shambani tangu alfajiri, wamemwachia kipande cha tuta kilicholainishwa. Kiongozi akavua koti, akainua jembe, akatabasamu. Mzee Kingo akaweka kamera usoni, akabonyeza. Kisha akabaki hivyohivyo.

"Tayari?" kiongozi akauliza, jembe likiwa bado juu.

"Bado ndugu," Mzee Kingo akajibu kwa sauti ya mtu aliyezibwa mdomo. "Endelea."

Kumbe mpira umeyashika masharubu. Mimi nikasogea kwa nyuma, nikajaribu kumbandua polepole, naye ananiambia kwa meno, "Usivute, usivute." Na kila kiongozi alipopumzika, akiona kamera bado inamtazama, alidhani picha haijatosha, akainua jembe tena. Akalima. Akamaliza kipande alichowekewa, akaingia kwenye udongo mgumu. Wananchi wakaanza kushangilia, akina mama wakapiga vigelegele, na kiongozi mwenye kushangiliwa hawezi kuacha. Mpaka nilipombandua mzee, akiwa na sharubu la upande mmoja tu, kiongozi alikuwa amemaliza tuta zima. Wazee wa Masanze walisema hawajawahi kumwona mtu wa ofisini akilima namna ile. Nami pia.

Tatizo likawa malengelenge. Kiongozi alirudi Kilosa mikono imetutumka, akamwita Ndugu Lukwele akataka kujua ni nani aliyemfanyia vile.

Ndugu Lukwele angeweza kusema mpira umeyeyuka. Lakini mpira ulitoka nchi rafiki, na kitu cha nchi rafiki hakiwezi kuyeyuka. Basi ikabaki njia moja. Akatuita ofisini, akaweka kamera mezani, ikanata kwenye kitambaa cha meza, akatamka neno ambalo siku zile lilifanya watu watazame viatu vyao.

"Hii ni hujuma."

Ikaundwa kamati. Wajumbe wakaigusa kamera kwa kidole, wakanusa kidole, na mmoja, ambaye utotoni alikuwa akitega ndege, akasema bila wasiwasi wowote, "Huu ni ulimbo." Wengine wakaafiki. Sasa ilibaki kujua nani ametega.

"Ndugu Kingo," Lukwele akaanza. Neno "mzee" lilikuwa limeshaachwa mlangoni. "Wewe ulikuwa na biashara ya picha."

"Nilikuwa nayo."

"Ikafungwa."

"Ikafungwa."

"Uliumia?"

Mzee Kingo akafikiri. "Niliumia, ndugu. Ningesema sikuumia, ungeniamini?"

Kamati ikatazamana kana kwamba amekiri. Mimi nikanyoosha mkono nikasema kwamba ni joto la stoo tu, kila mtu anajua lile bati.

"Dada Eunike," Ndugu Lukwele akanijibu kwa upole mkubwa, "jua halina siasa. Watu ndio wenye siasa."

Mzee Kingo akaambiwa akae nyumbani hadi wakubwa waamue kama suala lake lipelekwe kwa watu wa usalama. Akavaa kofia yake akatoka. Alipokwisha kuondoka, kamati ikaamua kamera zipakwe unga wa muhogo ili zisinate. Zikapakwa. Stoo ikaonekana kama kuna mtu anajiandaa kukaanga samaki.

Mnacheka, na mimi nacheka. Lakini nilikwenda kumsalimu Mzee Kingo nyumbani kwake na sikucheka. Bi Mwanahawa, mkewe, alinifungulia mlango nusu kwanza, akatazama barabarani, ndipo akaufungua wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upesi."

Jirani waliozoea kuja kuomba chumvi walikuwa wameacha. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenyoa na lile sharubu lililobaki, uso umekuwa mdogo kama wa mtu mwingine. Akaniambia kwamba msikitini, safu anayosimama imebaki na nafasi kulia na kushoto kwake. Imamu huwaambia watu wasogee, wanasogea kidogo, lakini hawafiki.

"Nimepiga picha harusi zao," akasema. "Nimepiga picha watoto wao. Wote wanajua mkono wangu. Sasa wanasubiri kuambiwa na ofisi kama mimi ni mtu."

Nilitoka pale nimeamua nitasafisha walau kamera moja hadi chini, nione ulimbo gani huo. Lakini spiriti haikuwepo. Hospitali hawakuwa nayo hata ya kufutia sindano, na duka la ushirika lilikuwa na viberiti na majembe tu. Mtu wa pale akanishauri kwa sauti ya chini, "Nenda Ulaya."

Nyinyi wa Mikumi mnajua, ila kama kuna msomaji wa mbali nimweleze: Ulaya ni kata yetu hapahapa Kilosa, watu wanalima, kuna gulio, na siku zile kulikuwa na mama mmoja aliyetengeneza gongo safi kuliko wote bondeni. Gongo ilikatazwa na serikali. Ilikatazwa pia na kanisa langu, na mimi nilikuwa naimba kwaya. Nikaazima baiskeli siku ya gulio, nikafunga khanga hadi kwenye nyusi.

"Wewe si yule wa kwaya?" mama akaniuliza kabla sijashuka.

"Ndiye, mama. Nahitaji ya kusafishia kamera."

"Wote huja na sababu. Mwalimu wa shule hujia ya kuchulia goti. Lake haliponi miaka yote hii."

"Ni kamera kweli, mama."

Akanitazama, akaona sifahamu hata nashika chupa wapi, akaamini. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo Mzee Kingo, Mwislamu safi, asingeweza kunifundisha. Ile inayotoka mwanzo kabisa kwenye mtambo ni kali, humuua mtu akiinywa. Hiyo ndiyo yako. Weka tone kwenye kifuniko cha bati, washa kiberiti. Ikiungua kwa mwali wa buluu na kifuniko kikabaki kikavu, inafaa kusafishia. Ikibakiza maji au utelezi, hiyo wape walimu. Nawaambia kwa kuwa hata sasa mnauziwa spiriti iliyochanganywa maji na mnaitia ndani ya simu za watu.

Nikasafisha. Nilikwangua unga kwanza, kisha nikaanza kidogokidogo kwa kitambaa na kidole gumba. Mpira ukatoka vipande virefu vyeusi. Na chini ya mpira sikukuta kamera mpya. Nilikuta rangi kuukuu iliyobanduka, mikwaruzo ya miaka mingi, kona zilizobonyea, na mahali pa namba palipokuwa pamefutwa kwa tupa. Mpira ulikuwa umepakwa juu ya kamera zilizochoka, kama chokaa kwenye nyumba inayotaka kuanguka. Hakuna mtu wa Kilosa aliyepaka chochote.

Nikaipeleka mbio kwa Ndugu Lukwele, nikaiweka mezani, haikunata. Nikadhani mambo yamekwisha. Akaitazama, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Dada Eunike, unajua umefanya nini?"

"Nimesafisha, ndugu."

"Umekwangua urafiki wa mataifa mawili."

Akaniambia wageni wa nchi rafiki wanakuja Mikumi kuona wanyama na kuona kamera zao zinavyotumika, na niirudishe ile kamera ilivyokuwa. Nirudishe mpira! Nikamwuliza kwa kutumia nini. Akasema kitengo kinapaswa kuwa na ubunifu. Na Mzee Kingo? Suala la Mzee Kingo, akasema, ni suala jingine. Basi nikaipaka rangi ya viatu, nikaipuliza, nikakaa chini kwenye sakafu ya stoo nikalia kwa hasira.

Siku ya wageni tulipanda gari moshi kutoka Kilosa hadi Mikumi. Ndugu Lukwele amevaa suti yake ya kijivu ya kola fupi, kapakata kisanduku chenye ile kamera ya kabatini kama mtu anayepeleka mahari. Mimi nilibeba kikapu cha vitambaa na chupa yangu, maana nilikuwa na wasiwasi na rangi ya viatu. Karibu na lango la hifadhi pameandaliwa turubai, meza, soda, na kiongozi wetu mwenye mikono iliyopona karibuni. Nyani walikuwa juu ya miti wanasubiri soda.

Mkuu wa ujumbe alikuwa mzee mnene mwenye kucheka kwa urahisi. Ndugu Lukwele akahutubia. Jembe la macho likatajwa, na hujuma ikatajwa kwa mbali, kwamba adui hajalala. Kisha akasema mbele ya watu wote kwamba kamera hii haijaguswa na mkono wa yeyote tangu ilipofika, ufunguo wake haujatoka shingoni mwake hata akioga. Akafungua kisanduku.

Kamera haikutoka. Akavuta, ikatoka na kitambaa chote cha ndani. Mgeni, kwa adabu, akaipokea kwa mikono miwili, akaishika akitabasamu kwa picha, akaiweka mezani kwa shida kidogo, halafu akamgeukia kiongozi wetu na kumpa mkono.

Wakashikana. Wakatikisa. Wakataka kuachana.

Wanangu, mmewahi kuona mlenda ukiinuliwa na tonge? Nyuzi nyeusi zilitoka kati ya viganja vyao, zikarefuka, zikalegea, hazikukatika. Watu waliendelea kupiga makofi kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Ndipo yule mgeni akatazama mkono wake, akatazama kamera, akaangua kicheko kikubwa na kusema maneno mengi kwa lugha yake.

Mkalimani, kijana mtiifu, akatafsiri kwa sauti kubwa: "Mgeni anasema, zilikuwa zikinata hivihivi hata kwao, ndiyo maana wali..." Akamtazama Ndugu Lukwele. "Ndiyo maana wanawapenda sana Watanzania."

Kila aliyekuwa kwenye kamati alimtazama Ndugu Lukwele, na Ndugu Lukwele alikuwa anatazama ufunguo kifuani pake. Mimi nikapita katikati na kitambaa changu, nikawafuta wakubwa wale kidole kwa kidole, kutoka ndani kwenda nje. Harufu ikajaa turubai zima. Kiongozi wetu akavuta pumzi, akavuta tena.

"Hii dawa ni kali. Imetoka wapi?"

"Ulaya, ndugu," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Wenzetu wa Ulaya," akamwambia mgeni, "wanatengeneza vitu vya uhakika." Nyuma yangu dereva wetu, mzaliwa wa Ulaya, aliyemleta kiongozi kwa gari, alitoka nje ya turubai akaenda kuegemea gari.

Kamati haikuvunjwa. Ilisahauliwa, kila mjumbe akijikuta na safari. Lakini kiongozi wetu, ambaye sasa alikuwa ameona kwa mikono yake mwenyewe, alimwambia Ndugu Lukwele palepale Mikumi kwamba akamrudishe yule mzee kazini. Kurudi Kilosa mimi na Ndugu Lukwele tulipanda behewa moja, na tulipokaribia stesheni akaniomba nimsindikize kwa Mzee Kingo. Nadhani aliogopa kwenda peke yake.

Ilikuwa jioni, watu wako vibarazani. Mzee alikuja mlangoni na kanzu yake. Ndugu Lukwele akasimama chini ya ngazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Kazi inakungoja, mzee. Kumejitokeza upungufu."

"Upungufu wa nani?"

Ndugu Lukwele akajikohoza. "Imeonekana kamera ziliharibika zenyewe. Wewe hukufanya kitu."

"Sisikii vizuri," Mzee Kingo akasema. "Masharubu yakiondoka na masikio yanaharibika. Sema tena."

"Hukufanya kitu, mzee."

"Mimi nimesikia sasa. Ila jirani zangu nao wana masikio mazito. Wamekuwa nayo tangu uliponiambia nikae nyumbani."

Nilimtazama Ndugu Lukwele akiwa pale, mtu aliyezoea kreti na makofi, na nikaona hajawahi kusema maneno machache yaliyokuwa mazito namna ile. Akageukia barabara. Akapaza sauti.

"Mzee Kingo hakufanya hujuma yoyote! Tulikosea!"

Kisha kutoka kibaraza cha ng'ambo, sauti ya mwanamke ikajibu, "Tumesikia!" Na mwingine kutoka dirishani, "Tumesikia, ndugu!" Bi Mwanahawa, nyuma ya pazia la mlango, akaanza kulia kwa sauti bila kujificha.

Mzee Kingo akasogea pembeni, akamwonyesha mgeni wake mkeka. Chai ikaletwa. Duka la ushirika lilikuwa halijapata sukari mwezi ule, na Ndugu Lukwele aliinywa hivyohivyo, chungu, kikombe chote, huku jirani mmoja baada ya mwingine akibisha hodi kuomba chumvi.